Sijambo ya Sungura

Swali la kwanza aliloliuliza mama siku Kashata alipotoka kwa daktari lilikuwa hili: "Ameshapata choo?"

Ilikuwa saa kumi jioni, mwezi wa Oktoba, manyunyu yananyesha juu ya Leicester. Binti yangu, mwenye miaka kumi na mmoja, alilipakata lile sanduku tangu garini na hakukubali mtu amsaidie. Mama alikuwa mezani anachambua mchele. Alisukuma sinia kando, akafuta mikono kwenye kanga, akachutama mbele ya sanduku. Ndani yake Kashata, sungura wetu, alikuwa amejikunyata pembeni juu ya taulo, mgongo umepinda, macho nusu yamefumba, masikio yamelala nyuma. Nilipomtoa tukaona tumbo lake limenyolewa, ngozi nyepesi yenye wekundu uliofifia kama upande wa ndani wa kombe, na katikati mshono mfupi usiozidi kidole gumba, nyuzi zake zimefichwa chini ya ngozi. Damu hakuna, bandeji hakuna. Mtu angepita haraka angesema amesinzia tu.

"Bado," nikamjibu mama.

"Na kula?"

"Jani moja, kwa daktari, saa nane."

Mama alikuwa muuguzi wa wodi ya upasuaji kule Tanga kwa miaka 34. Alikuja kukaa nasi miezi mitatu amwone mjukuu wake. Kwetu sungura walifugwa bandani nyuma ya jiko, walifugwa kwa kitoweo, na hakuna aliyewapa majina. Kwa hiyo wiki mbili kabla, nilipomweleza kwamba tunampeleka Kashata akatolewe kizazi, nilijiandaa kwa maswali ya gharama. Hakuuliza gharama, aliuliza sababu. Nikamweleza nilivyoelezwa na mimi: kwamba sungura jike ana miji miwili ya mimba, kila mmoja na mlango wake, kwamba hubeba mimba siku 31 hivi, na anaweza kushika nyingine siku ileile aliyozaa, na kwamba jike asiyetolewa kizazi, akishapita miaka minne, yumo katika hatari kubwa ya saratani ya mji wa mimba, hata kuna makundi yaliyochunguzwa ambamo zaidi ya nusu ya majike walikutwa nayo.

"Dalili zake?" mama akauliza.

Nikasema dalili huchelewa. Pengine damu kwenye mkojo, pengine hakuna kitu mpaka mwisho.

Akanyamaza. Halafu akasema, "Basi mpelekeni," akaondoka kwenda kutia udhu, na adhuhuri ilikuwa bado mbali.

Upasuaji wenyewe si wa kuchezea. Utafiti mkubwa uliochapishwa hapa Uingereza mwaka 2008 uliwahesabu wanyama waliopewa nusukaputi wakafa: mbwa mmoja katika kila 601, paka mmoja katika kila 419, sungura mmoja katika kila 72. Kwa sungura aliyeingia akiwa mzima hatari hupungua karibu kwa nusu, na Kashata alikuwa mzima. Lakini jambo lililonikaa kichwani ni kwamba wengi wa sungura waliokufa hawakufia mezani. Walikufa baadaye, kisu kimeshawekwa chini, wakati kila mtu ameshashusha pumzi. Ndiyo maana daktari aliponikabidhi sanduku hakuniambia hongera. Alinipa karatasi ya maagizo, chupa ndogo ya meloksikamu kwa ajili ya maumivu, pakiti ya unga wa majani na mabomba mawili ya sindano yasiyo na sindano, akaniambia kazi iliyobaki ni yangu.

Kazi hiyo ilimgeuzia mama kila alichokijua. Wodini kwake kanuni ilikuwa moja: aliyepasuliwa tumbo haonji kitu mpaka atoe hewa. Ndugu wamekaa nje na chupa zao za uji, wanambembeleza muuguzi, naye anarudia swali lake lilelile, ametoa hewa? Sungura ni kinyume. Hawezi kutapika, kwa hiyo hakuna haja ya kumlaza njaa kabla ya nusukaputi, na akishazinduka inatakiwa ale mapema iwezekanavyo, siku hiyohiyo. Utumbo wake ni mfano wa kinu kinachosukumwa na nyasi. Nyasi kavu zikiingia, vyote vinakwenda. Zisipoingia, mwendo unapungua, gesi inajaa, tumbo linauma. Maumivu yanamkataza kula, na kutokula kunayazidisha maumivu. Saa 12 bila kula wala choo ni dharura. Karatasi ilisema hivyo kwa herufi nene. Mama aliisoma mara mbili, miwani imemshuka puani, kisha akaikunja akaiweka chini ya saa ya mezani kama alivyokuwa akiweka chati ya mgonjwa.

"Kwa hiyo huyu tunamlisha kwanza, choo baadaye," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Haya. Leteni vyakula."

Tuliweka nyasi kavu, zile za harufu tamu ambazo ndizo chakula chake cha siku zote. Tukaweka kotimiri na rehani niliyoinunua Barabara ya Belgrave, kwa mzee mmoja wa Kigujarati ambaye wazazi wake walikuja mji huu mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia Uganda. Mama alikuwa akienda dukani kwake kila wiki kwa sababu akitamka kotimiri haombwi afafanue. Neno lenyewe lilitoka kwao likaja pwani yetu. Kashata alivinusa vyote. Pua ilicheza, kisha ikatulia. Akageuza uso ukutani.

Njugu, mwenziwe, alikuwa amelala ubavuni pake. Tulikwenda nao wote wawili kwa daktari asubuhi ile, kwa sababu sungura walioshikana wakitenganishwa hata kwa siku moja wanaweza kurudi wakiwa hawajuani, na harufu ya dawa humfanya mgonjwa aonekane mgeni. Mama alilipenda hilo zaidi ya yote niliyomweleza. Alisema hata kwetu mgonjwa hapelekwi hospitali peke yake, lazima awe na mtu wa kumuuguza.

Nimelifikiria sana neno hilo tangu usiku ule. Kuugua ni kuwa mgonjwa. Kuuguza, ukilitazama umbo lake, lingetakiwa liwe kumtia mtu ugonjwa, kama vile kuunguza ni kufanya kitu kiungue. Lakini sivyo tunavyolitumia. Anayeuguza ni yule anayekaa na mgonjwa mpaka ugonjwa ule upite mikononi mwake, ajue saa ya dawa, ajue mkojo umetoka mara ngapi, ajue pumzi ya saa saba usiku inatofautianaje na ya saa tisa. Sijui kama waliolitumia kwanza walikusudia hivyo. Ninachojua ni kwamba saa mbili usiku mama alivua kanga yake ya begani, akaitandaza sakafuni, akamfunga Kashata ndani yake kama mtoto mchanga anayemezeshwa dawa, masikio tu na uso nje, akaniambia nikoroge uji.

Ule unga ukitiwa maji ya uvuguvugu unakuwa kijani kizito, unanukia kama shamba baada ya kufyekwa. Bomba huingizwa pembeni mwa mdomo, kwenye ile nafasi tupu nyuma ya meno ya mbele, na husukumwa kidogokidogo, tone la mililita moja, halafu unangoja ameze. Ukisukuma kwa pupa chakula kinaweza kwenda mapafuni. Vidole vya mama vina baridi yabisi sasa, kidole cha shahada hakinyooki sawasawa, lakini alisema bismillahi akasukuma tone la kwanza, na mkono haukutikisika. Kashata aliacha uji umwagike kidevuni. Tone la pili likamwagika. La tatu, mashavu yakacheza. Akatafuna.

"Pole," mama akamwambia. "Pole, mwanangu. Moja tena."

Binti yangu alikuwa amebandika mlangoni mwa jokofu karatasi yenye picha za nyuso za sungura. Mwaka 2012 watafiti walichapisha kipimo cha kusoma maumivu usoni mwa sungura, kwa kuwatazama wale waliokuwa wakichorwa namba masikioni. Wanatazama mambo matano: jicho linavyofinyika, shavu linavyobonyea, umbo la pua, ndevu zinavyokakamaa, masikio yanavyokaa. Kila moja hupewa alama, 0 mpaka 2. Mama alisimama mbele ya jokofu muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Nilidhani anaona ajabu kwamba wasomi wamekaa kuupimia uso wa mnyama alama.

"Kwa nini wanatazama uso?" akamuuliza mjukuu wake. "Hawalii hawa?"

"Hawalii, bibi. Sungura anaficha. Akionekana mgonjwa, mwewe anamchukua yeye kwanza."

Na ndivyo ilivyo. Katika ngano zetu Sungura ndiye mjanja kuliko wote, anayewashinda fisi na simba kwa maneno. Yule wa ngano, kwa kweli, ni sungura wa porini, anayezaliwa na manyoya yake na macho wazi, tayari kukimbia. Huyu wa kufugwa ametoka Hispania na pande zile, anazaliwa kipofu na uchi ndani ya shimo. Kiswahili kimewapa jina moja na sioni ubaya. Ila ujanja wa huyu wetu hauko mdomoni. Ujanja wake ni kukaa kimya na kuonekana mzima. Anaweza kuwa na tumbo lililojaa gesi kama ngoma akakaa palepale pake pa kila siku, na wewe ukapita ukamsalimu ukaendelea na kazi zako.

Salamu yetu sisi inauliza kwa kukanusha. Hujambo? Yaani, huna jambo? Na jibu limeshawekwa mdomoni mwa mtu kabla hajajitazama: sijambo. Mgonjwa aliye kitandani na dripu mkononi husema sijambo, kisha ndipo anaongeza, ila mguu tu, ila usiku silali. Muuguzi mzuri, mama hunambia, hasikilizi sijambo. Anangoja ile "ila".

Mama mdogo hakuwa na "ila". Alikuwa mdogo wake mama wa kumfuatia, fundi wa kushona, nyumba yake mitaa miwili tu kutoka kwetu, na alikuwa akija kila Ijumaa na bagia. Alitoka damu kwa zaidi ya mwaka mmoja, miaka ambayo damu ilikuwa imeshakoma. Hakumwambia mumewe, hakumwambia mtu. Kila Ijumaa mama alimuuliza, hujambo? Naye, sijambo. Akapungua, akasema ni kufunga sunna. Akaacha kukaa kwenye cherehani, akasema mgongo wa uzee. Siku alipoanguka msalani ndipo mama alipomvua nguo, na ilikuwa imeshapita siku nyingi. Saratani ya mlango wa kizazi. Walimpeleka hospitali ya Ocean Road, Dar es Salaam, na alirudi nyumbani akakaa wiki tano.

Mama aliwauguza watu wa mkoa mzima. Wapo Tanga mpaka leo wanaomwamkia barabarani wakimfunulia kovu la tumbo kumwonyesha alivyolifunga vizuri. Na mdogo wake alikaa mbele yake kila Ijumaa kwa mwaka mzima, wakila bagia. Sijawahi kumsikia akilisema hilo. Nililijua kwa namna alivyoacha kununua bagia.

Usiku ule wa Kashata mama hakulala. Mimi nilishika zamu mpaka saa sita, kisha akanifukuza nikapumzike, akisema hakuna mgonjwa anayeuguzwa na mtu anayesinzia. Niliporudi saa tisa kunywa maji nilimkuta amekaa sakafuni, mgongo kwenye sofa, shuka miguuni, chupa ya maji ya moto imefungwa taulo na kuwekwa karibu na Kashata, kwa sababu sungura aliyetoka kwenye nusukaputi hupoteza joto haraka. Si karibu sana. Alikuwa ameacha nafasi ili akiona moto asogee. Taa ilikuwa imezimwa, isipokuwa ya jikoni. Alikuwa anasikiliza meno.

Nilikuwa nimemweleza kwamba sungura akisaga meno taratibu, sauti laini ya kuparuza, ameridhika. Akiyasaga kwa nguvu, kwa kukwaruza, anaumwa. "Saa nane alikuwa anasaga kwa nguvu," akaninong'oneza. "Dawa yake ni saa ngapi?" Tuliangalia karatasi. Dozi ya pili ilikuwa ya asubuhi, na tuliambiwa tusiongeze wala tusimpe dawa ya binadamu. Mama alitikisa kichwa. Anajua kungoja saa ya dawa. Aliweka kiganja juu ya paji la uso la Kashata, kati ya macho na masikio, mahali ambapo sungura hupenda kuguswa, akakiacha pale bila kukisogeza.

Nikakaa. Hatukuzungumza. Niliona jicho lake Kashata likifunguka kidogo, likafumba, likafunguka. Nikajikuta nafanya hesabu ya binti yangu, 0 au 1 au 2, na sikuweza kuamua.

Nilipitiwa na usingizi palepale. Aliyeniamsha ni mama, ametoka kuswali alfajiri, bado ana mtandio wake mweupe. Alikuwa ameshika karatasi ya chooni kwa mikono miwili kama aliyepewa kitu cha thamani. Juu yake kulikuwa na punje tatu nyeusi, kavu, ndogo kama mbegu za giligilani. Kwa kawaida ni kubwa, karibu na mbaazi, za mviringo, na sungura mzima hutoa mamia kwa siku. Hizi zilikuwa tatu, tena zimesinyaa.

"Tatu," akasema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia. "Nimezikuta pale kwenye taulo. Na rehani, tazama."

Kijiti cha rehani kilikuwa kimebaki bua.

Binti yangu alishuka ngazi na nguo za kulalia, akaziona zile punje, akamkumbatia bibi yake kiunoni. Mama akazibwaga kwenye gazeti, akazitandaza kwa ncha ya kidole, kama anayechambua mchele. Mchana zikawa kumi na tisa, kubwa kidogo. Jioni tuliacha kuhesabu.

Siku zilizofuata hazina mengi. Tuliondoa maranda tukatandika magazeti na taulo, ili vumbi lisiingie kwenye mshono. Asubuhi na jioni tulitazama kama umevimba, kama una wekundu, kama unatoa maji. Tulizuia ngazi na sofa, asiruke. Jirani mmoja, kwa wema wake, alituletea kola ya plastiki aliyokuwa akivalishwa mbwa wake, nasi tukamshukuru tukaiweka kabatini: sungura hula kinyesi chake laini cha usiku, akikipokea kwa mdomo moja kwa moja kutoka mwilini, na ndani yake mna vitamini ambazo utumbo wake haukuzinyonya mara ya kwanza. Ukimvisha kola umemnyima chakula. Mama alishangaa kidogo, kisha akasema kila kiumbe na riziki yake ilipowekwa.

Siku ya kumi daktari aliugusa mshono kwa kidole akasema umefunga. Manyoya yalikuwa yameanza kuchipua, meusi zaidi ya yale ya zamani. Kashata alitoka ndani ya sanduku mwenyewe, akasugua kidevu chake kwenye mguu wa meza, kwenye mlango, kwenye kandambili za mama, kila kitu akikiwekea harufu yake tena.

Mama alirudi Tanga mwezi wa Desemba. Tunazungumza kila Jumapili. Huanza kwa kuniuliza habari za Kashata, nami humjibu kwa kirefu: amekula nini, amepata choo cha namna gani, jicho likoje. Halafu ni zamu yangu. Miaka yote nilikuwa nauliza, mama hujambo, naye anajibu sijambo mwanangu, nami nikifurahi naingia kwenye habari nyingine. Sasa nimebadilisha. Nauliza amekula nini. Nauliza alilala saa ngapi, aliamka mara ngapi, amekwenda sokoni kwa miguu au kwa bodaboda.

Jumapili iliyopita nilimuuliza amekula nini. Alikaa kimya muda, nikasikia jogoo wa jirani na pikipiki ikipita.

"Leo sikula," akasema. "Nilinunua changu wawili, wazuri. Nikashindwa kusimama jikoni. Nikampa jirani."

"Umeshindwa kusimama tangu lini, mama?"

Nikavuta kiti, nikamwambia asikate simu.